Ucha Mungu na Ukali wa Dini: Mfano wa Wakristo wa Nyanza

 

Vijana wetu wa pwani wafanyao kazi Kisumu wametuletea suala ambalo tumelisoma mara mbili katika darasa kabla ya kulijibu. Wao wamepanga vyumba Mamboleo, pale barabara iendayo Kakamega inapoachana na ile iendayo Miwani na Muhoroni. Wasema kuwa mwenye nyumba wao ni Mkristo. Huamka kabla ya alfajiri kusali, hanywi pombe, havuti sigara, hataki muziki wa dansi katika ua wake, na siku ya Jumapili huwa kanisani tangu asubuhi hata jioni. Baadhi ya wenzao kazini husema kuwa mtu huyo ni mwenye msimamo mkali wa dini, na kwamba wajihadhari naye. Jee, ni kweli? Na ni lipi hasa limtoalo Mkristo katika ucha Mungu likamwingiza katika ukali huo?

Suala hili si la upuuzi. Sisi Waislamu tumekwisha kulichoka neno hilo, kwani kwa miaka mingi sasa kijana wa Kiislamu akifuga ndevu, au akikataa kupeana mkono na mwanamke, huitwa mwenye msimamo mkali, na pengine hutazamwa kwa jicho la shaka kabla hajatenda lolote. Basi haifai tumpige jirani kwa fimbo ile ile tunayopigwa sisi. Hata hivyo hatuwezi kusema kuwa neno hilo halina maana. Mwaka 2023, katika msitu wa Shakahola, nyuma ya Malindi yetu hapa, ilifukuliwa maiti zaidi ya 400 ya watu waliotoka majumbani mwao kwa kutafuta radhi ya Mungu. Ajaye kutuambia kuwa ukali wa dini ni uzushi wa magazeti, tutamwonyesha makaburi hayo.

Kwanza tulitazame neno lenyewe, maana wengi wadhani kuwa Wazungu walilitunga kwa ajili ya Waislamu. Sivyo. Walilitunga kwa ajili yao wenyewe, na tena kwa fahari. Baina ya mwaka 1910 na 1915 yalichapishwa Marekani majuzuu 12 ya makala za kutetea imani ya Kikristo, kwa gharama ya ndugu wawili waliotajirika kwa mafuta ya petroli huko California, Lyman na Milton Stewart. Nakala zake, kwa mamilioni, ziligawiwa bure kwa makasisi, walimu na wamisionari. Jina la majuzuu hayo lilikuwa na maana ya "Misingi". Kisha mwaka 1920 Curtis Lee Laws, mhariri wa gazeti moja la Wabatisti, akatoa shauri kuwa Wakristo walio tayari kuipigania misingi hiyo waitwe kwa jina litokanalo nayo, yaani watu wa misingi. Hawakutukanwa kwa jina hilo. Walilivaa wenyewe kama kilemba. Lakini mwaka 1925, katika mji wa Dayton wa jimbo la Tennessee, mwalimu John Scopes alishtakiwa kwa kufundisha kuwa asili ya mwanadamu ni wanyama. Akatozwa faini ya dola 100, waandishi wa magazeti waliokuja kutoka miji mikubwa wakawacheka watu wa Dayton na dini yao, na tangu hapo jina la kujisifia likawa jina la kudharauliwa. Sisi tulivishwa baadaye, hasa baada ya mapinduzi ya Iran ya mwaka 1979, likiwa limekwisha chakaa.

Na hiyo misingi ni ipi? Mwaka 1910 mkutano mkuu wa Wapresbiteri wa Marekani ulitaja mambo matano ambayo kasisi hana budi kuyakubali: kwamba Biblia haina kosa, kwamba Nabii Isa alizaliwa na mwanamwali, kwamba kifo chake kilikuwa kafara ya dhambi za watu, kwamba alifufuka kwa mwili wake, na kwamba miujiza yake ilikuwa ya kweli. Msomaji na ayatazame mambo hayo kwa utulivu. Mawili katika hayo matano ni itikadi yetu. Nani katika sisi asiyeamini kuwa Bibi Maryam alimzaa mwanawe bila ya kuguswa na mwanamume? Nani asiyeamini kuwa Nabii Isa aliwaponya vipofu na wenye ukoma kwa idhini ya Mwenyezi Mungu? Hayo yamo katika Surat Maryam na Surat Al-Imran. Ama msalaba na kafara tunavikataa, na dalili yetu ni Surat An-Nisaa. Wala juu ya hilo hatuna la kupunguza ili kumfurahisha mtu. Lakini Mkristo asiambiwe kuwa ni mkali kwa kuamini kuzaliwa kwa Isa bila ya baba, maana kwa kipimo hicho Waislamu wote wa duniani ni wakali kuliko yeye.

Twaona basi kuwa si itikadi peke yake ifanyayo mtu awe mkali. Mamilioni ya Wakristo wayaamini hayo matano na hawamdhuru mtu. Tutazame tena, na tutazame huko huko Nyanza kulikotoka suala.

Reli ilifika Kisumu, au Port Florence kama ulivyoitwa mji huo zamani zile, mwezi wa Desemba mwaka 1901, na wamisionari wakaja nyuma yake. Mwaka 1902 Waquaker wa Marekani walishika Kaimosi. Mwaka 1906 Waanglikana wa CMS walifungua Maseno, na mwaka huo huo Waadventista wakajenga Gendia, karibu na Kendu Bay. Wakatoliki wa Mill Hill walikuwa wamekwisha fika Kisumu. Mwaka 1924 Wapentekoste wakashika Nyang'ori, juu ya mlima uonekanao kutoka Mamboleo. Kila mmoja alikuja na makatazo yake. Mwadventista wa Gendia hali nguruwe, hanywi pombe, havuti tumbaku, na tangu Ijumaa jua likichwa hafanyi kazi yoyote mpaka Jumamosi jua lichwe. Katika mji wa Kendu Bay wapo Waislamu wa siku nyingi, na hao wawili, Mwislamu na Mwadventista, huweza kupita mbele ya bucha la nguruwe na mbele ya kilabu cha pombe wakageuza nyuso zao kwa pamoja.

Huko Nyang'ori alitoka Zakayo Kivuli, ambaye mwaka 1942 aliwaacha Wapentekoste na kuanzisha kanisa lake la African Israel, lililoitwa baadaye pia Nineveh. Watu wake huvaa kanzu nyeupe na vilemba, hutembea kwa safu na bendera na ngoma, nao pia wamejiharimishia nguruwe, pombe na tumbaku. Mtu wa pwani awaonaye kwa mbali hudhani kuwa ni zefe ya maulidi imepotea njia. Jee, tuwaite wakali kwa kilemba na kwa kuacha ulevi? Hatuthubutu.

Tutoe na mfano wa mwanamke. Katika mila za Wajaluo upo utaratibu uitwao tero: mume akifa, mjane huchukuliwa na ndugu wa marehemu au mtu wa ukoo. Wako wajane Wakristo waliokataa tero kwa ajili ya dini yao. Wakatishwa kwa laana, wakanyimwa shamba, wakaambiwa kuwa watoto wao watakufa, nao wakasimama pale pale. Watu wa ukoo huwaita wajane hao wakaidi, kwamba dini imewaharibu akili. Lakini Qur'ani yetu, katika Surat An-Nisaa aya ya 19, imekataza kuwarithi wanawake kwa nguvu. Basi mjane huyo, bila ya kuisoma aya hiyo, amesimama mahali ambapo na sisi twatakiwa tusimame. Huo ni uthabiti. Mtu akichanganya uthabiti na ukali, ataishia kuwasifu wale wasio na dini yoyote ya kuwazuia kitu.

Sasa tuje kwenye kisa chenyewe, ambacho ndicho kitufundishacho zaidi.

Mwaka 1929 Mganda mmoja, Simeon Nsibambi, na daktari Mwingereza aitwaye Joe Church, aliyekuwa akifanya kazi Gahini katika nchi ya Rwanda, walikutana Kampala wakasoma Biblia pamoja na kuomba. Katika miaka iliyofuata likazuka kutoka huko vuguvugu kubwa ndani ya makanisa ya Kiprotestanti. Wafuasi wake waliitwa kwa Kiganda Balokole, yaani waliookoka. Mwaka 1941, katika chuo cha makasisi cha Mukono, wanafunzi zaidi ya 20, na miongoni mwao William Nagenda, walifukuzwa kwa kuwa hawakukubali kuacha mikutano yao ya kabla ya mapambazuko. Huku kwetu Kenya uamsho huo ulikuwa umekwisha fika Maseno tangu mwaka 1938, na miongoni mwa Wajaluo watu wake wakaitwa JoRemo, maana yake watu wa damu, kwa kuwa walisema wameoshwa kwa damu ya Yesu.

Lililowavuta watu kwa JoRemo lilikuwa ni kuungama hadharani. Mtu husimama mbele ya wenzake akataja dhambi yake kwa jina lake: nimeiba, nimezini, nimemchukia fulani. Na jambo la ajabu katika zama zile za ukoloni, hata Mzungu alisimama. Daktari Church mwenyewe na baadhi ya wenziwe waliungama mbele ya Waafrika kiburi chao cha kujiona bora. Fikirini ilikuwaje jambo hilo katika miaka ya 1930, Mzungu kumwomba radhi Mwafrika mbele ya watu! Sisi katika dini yetu tumeamrishwa kujisitiri, na toba yetu ni baina ya mja na Mola wake. Hatuuchukui mwendo huo wa kuungama mbele ya watu. Lakini mtu mwadilifu hataacha kuona ni kitu gani kilichowatikisa watu wale. Mizani ilikuwa imetundikwa, na kila mtu, mkubwa na mdogo, mweupe na mweusi, alianza kwa kujipima yeye.

Kisha mizani ile ikageuzwa. Si kwa wote, wala si kwa siku moja. Baadhi ya JoRemo walianza kusema kuwa Mkristo ambaye hakuungama kama wao hakuokoka, hata akiwa amebatizwa tangu utoto na amesali miaka 30. Kisha wakasema kuwa kasisi ambaye hakuokoka hana haki ya kuwahubiria waliookoka. Wazee waliojenga makanisa kwa mikono yao wakajikuta wanaulizwa na vijana kama wao ni Wakristo. Nyumba moja ikawa na mume wa upande huu na mke wa upande ule. Wale waliochoshwa na hukumu hizo wakajiita JoHera, watu wa upendo, na mbele yao alikuwa kasisi Matthew Ajuoga. Walimlalamikia Askofu Leonard Beecher, ambaye cheo chake kiliitwa Askofu wa Mombasa, maana wakati ule Waanglikana wa Kenya nzima, hata wa kando ya ziwa, walikuwa chini ya dayosisi iliyoitwa kwa jina la mji wetu. Hawakuridhishwa na walilolipata. Mwaka 1957 Ajuoga na makasisi wachache wakatoka pamoja na maelfu ya waumini, na Januari ya 1958 kanisa lao, Church of Christ in Africa, likaandikishwa. Makao yake wakayaita Dala Hera, kijiji cha upendo, huko Kisumu.

Jambo la kuzingatia ni kuwa katika kitabu hawakuhitilafiana hata neno. JoRemo na JoHera walisoma Biblia moja ya Kijaluo, waliamini kafara ile ile na ufufuko ule ule. Aliyekuwa mtu wa misingi katika hawa na aliyekuwa si mtu wa misingi hutamjua kwa kuwauliza yale mambo matano. Wote wangalijibu sawasawa. Tofauti yao ilikuwa katika suala moja: nani mwenye haki ya kusema kuwa yule ni muumini na huyu siye?

Hapo ndipo tuonapo jibu letu. Mcha Mungu hujikaza nafsi yake kwa sheria ngumu na wenziwe akawadhania heri. Mwenye ukali huchukua ule ukazo wake, ambao huenda ukawa mzuri, akaufanya kipimo cha imani ya watu wengine, na asiyeutimiza akamtoa katika dini. Sisi jambo hili tunalijua kwa jina lake la Kiarabu: ni takfiri. Na wa kwanza kuifanya katika umma wetu hawakuwa walevi wala wavivu wa sala. Makhawariji walikuwa na sijda usoni. Abdurrahman bin Muljam, aliyempiga upanga Sayyidna Ali (r.a.) huko Kufa katika mwaka wa 40 wa Hijra, alikuwa msomaji wa Qur'ani.

Lakini ni uadilifu tuseme na upande wa pili wa watu wa uamsho, maana tusiposema tutakuwa tumeifanya ile ile kazi ya kuhukumu. Katika miaka ya 1950, wakati wa Mau Mau, wengi wao katika nchi ya Wakikuyu walikataa kula kiapo, na tena wengi walikataa kushika bunduki ya serikali. Wakawa wanachukiwa na pande zote mbili, na baadhi yao waliuawa. Huko Uganda, Askofu Mkuu Janani Luwum, aliyeokoka katika uamsho huo mwaka 1948, aliuawa tarehe 16 Februari 1977 baada ya yeye na maaskofu wenziwe kumwandikia Rais Idi Amin kulalamika juu ya mauaji ya raia. Amin alikuwa akijiita Mwislamu, na hilo halifichiki. Mwenziwe Luwum, Askofu Festo Kivengere, alikimbia nchi, na mwaka huo huo akatoa kitabu kutangaza kuwa amemsamehe Amin na anampenda. Hao wote walikuwa na misingi. Walikuwa wagumu kama jiwe katika dini yao, na ugumu wao uliwafanya wauawe na wasamehe, haukuwafanya waue. Basi mtu atuambiaye kuwa kila mwenye kushikilia misingi ya dini yake ni hatari, ama hajui habari hizi, au anataka watu wasiwe na kitu wanachokikataa.

Kuna jambo la pili liendalo pamoja na hilo la mizani, nalo ni namna ya kusoma. Mwenye ukali husema: "Biblia yasema." Haoni kuwa baina ya Biblia na ulimi wake imepita fahamu yake yeye. Amekisoma kitabu kwa Kijaluo, nacho kimefasiriwa kwa Kijaluo kutoka lugha nyingine, na kila mfasiri alichagua neno hili akaacha lile. Kisha akachagua yeye aya ipi aianze na ipi aipite. Lakini mwisho husema kuwa yeye hakuongeza kitu. Ukimpinga, haoni kuwa umempinga yeye, huona kuwa umempinga Mungu. Na hapo mazungumzo hukatika, kwani nani awezaye kusikilizana na mtu aliyejiweka mahali hapo?

Maimamu wetu hawakuwa hivyo. Watu wa pwani ni Mashafii, na kunuti katika sala ya alfajiri ni jambo tulilolelewa nalo. Yasimuliwa kuwa Imamu Shafii mwenyewe, aliposali alfajiri karibu na kaburi la Imamu Abu Hanifa, aliiacha kunuti kwa kumstahi mwenye kaburi, ambaye hakuiona kuwa ni sunna. Hakuacha madhehebu yake. Alijua tu kuwa amesimama mbele ya mtu aliyesoma Qur'ani ile ile akafahamu vingine, na kwamba mtu huyo naye alikuwa mchaji wa Mungu.

Tuje Shakahola. Paul Mackenzie alikuwa dereva wa teksi Malindi kabla ya kuanzisha kanisa lake, Good News International, mwaka 2003. Alifundisha kuwa shule ni mbaya, hospitali ni mbaya, na vitambulisho vya serikali ni alama ya Shetani. Mwaka 2019 alilifunga kanisa akahamia msituni, wakamfuata watu kutoka sehemu mbalimbali za Kenya, wengine wakiwa wameuza mali zao. Aprili ya 2023 habari zikatoka kuwa watu wanafunga mpaka kufa, watoto wakiwa wa mwanzo. Uchunguzi wa maiti ulionyesha kuwa wengi walikufa kwa njaa, na baadhi walinyongwa au kupigwa. Mackenzie ameyakana mashtaka mbele ya mahakama, nasi twamwachia hakimu kazi yake. Lakini lile la kujifunza halingojei hukumu.

Wale watu hawakuwa waovu. Walikuwa wacha Mungu. Wengi walitoka katika makanisa ya kawaida, kama lile aendalo mwenye nyumba wa Mamboleo. Kwa nini wengine wote wakibaki katika sala zao na kazi zao, hawa wakafika kwenye kaburi? Twaona ni kwa sababu hapo hakubaki mtu wa kumpinga mwalimu. Katika JoRemo, pamoja na makosa yao, kiongozi naye alisimama akaungama, na ndugu wenziwe walikuwa na haki ya kumwambia: hapa umeteleza. Msituni palikuwa na mdomo mmoja na masikio mengi. Aliyekuwa na shaka hakuwa na daktari wa kumwuliza wala mwalimu wa shule wala jirani wa dini nyingine, kwa kuwa hao wote walikuwa wamekwisha harimishwa kabla ya chakula kuharimishwa. Mfuatano huo uzingatiwe. Chakula kilikuwa cha mwisho.

Na kufunga mpaka kufa ni uzushi hata katika dini yao wenyewe. Katika Surat Al-Hadid, aya ya 27, Mwenyezi Mungu ametaja utawa ambao wafuasi wa Isa waliuzusha bila ya kuandikiwa, kwa kutafuta radhi zake, kisha wasiuchunge kama ipasavyo kuchungwa. Nia ilikuwa radhi ya Mungu. Na Mtume wetu (s.a.w.) aliposikia habari za watu watatu, mmoja ameazimia kufunga siku zote, mwingine kusali usiku kucha, na mwingine kutooa, hakuwasifu. Aliwaambia kuwa yeye, aliye mchaji kuliko wao, hufunga na hula, husali na hulala, na ameoa.

Hapa twataka kuzungumza na wasomaji wetu wenyewe, maana darasa hili halikuwekwa kwa ajili ya kuwachungulia Wakristo dirishani. Sisi tumejitwisha kazi ya kuwarejeza watu kwenye asili ya dini. Tumesema, na tunasema, kuwa kuomba makaburini ni upotofu, kwamba hirizi hazina nguvu, kwamba karamu za matanga zinawafilisi mayatima. Marehemu Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui, aliyetoa Sahifa mwaka 1930 na Al-Islah mwaka 1932, aliyasema hayo kabla yetu na kwa ulimi ulio bora kuliko wetu, na maneno yale hatuyarejeshi nyuma. Lakini mtu akitoka darasani kwetu akafika kwake, akamwambia mama yake mzazi kuwa si Mwislamu kwa sababu amehudhuria maulidi, huyo hakujifunza asili ya dini. Amejifunza kuitumia asili ya dini kama kiboko. JoRemo walipowauliza wazee wao kama wameokoka, walidhani kuwa wanawatengeneza. Makanisa yaligawanyika, na miaka zaidi ya 60 baadaye yangali yamegawanyika.

Na tazameni tena hofu. Wale ndugu wa California walitoa mali yao kwa sababu waliogopa. Wataalamu wa Kijerumani walikuwa wakiichambua Biblia kama kitabu kingine chochote, na wafuasi wa Darwin walikuwa wakiwafundisha watoto wao, nao wakaona nyumba inabomoka. Wajaluo wa miaka ya 1950 nao waliona kila kitu kinabadilika kwa mara moja: ardhi, chifu, ndoa, kodi, hata majina yao. Waliomfuata Mackenzie wengi walikuwa watu waliokwisha vunjwa na maradhi, madeni au misiba. Mtu mwenye hofu hutafuta jambo lisilotikisika, na hiyo si aibu. Sisi sote twalitafuta. Lakini akikutana na mwalimu amwambiaye kuwa uthabiti ni kuwachukia wasio kama yeye, atamwamini upesi sana, kwa sababu chuki huleta haraka ule utulivu ambao sala huuleta pole pole.

Basi tuwarudie vijana wetu wa Mamboleo na mwenye nyumba wao. Katika yote waliyotuandikia juu ya mtu huyo hatukuona hata moja la ukali. Kusali kabla ya alfajiri, kuacha pombe na tumbaku, kukataa dansi katika ua wake: hayo mtu hujifanyia mwenyewe na nyumba yake. Katika Surat Al-Imran, aya ya 113, tumeambiwa kuwa watu wa Kitabu hawako sawa wote, na wametajwa humo wasimamao usiku katika ibada.

Lakini watazame mambo mengine ambayo hawakutuandikia. Jee, akiugua mtoto wake, humpeleka hospitali ya Russia kama watu wengine wa Kisumu? Watoto wake wasoma shule? Akitofautiana na mchungaji wake, husema, na mchungaji humsikiliza? Mpangaji asiye wa dini yake akifiwa, huja kutoa pole? Jamaa zake waliobaki katika kanisa la zamani, bado hula nao? Ikiwa majibu ni ndiyo, mtu huyo ni mcha Mungu kwa njia yake, na wale wenzao wa kazini wamemdhulumu. Ikiwa amekwisha kata hospitali, shule na jamaa, na kila neno lake huanza kwa jina la mchungaji mmoja, basi wasimchokoze wala wasimcheke, lakini wawaangalie watoto wa nyumba ile kwa jicho la jirani, na wakiona njaa au ugonjwa wamweleze chifu mapema. Shakahola wako majirani waliosema mapema, wala hawakusikilizwa upesi.

Ama suala lao la mwisho, kama yajuzu kukaa katika nyumba ya mtu kama huyo na kula chakula chake, jibu ni kuwa yajuzu. Chakula cha watu wa Kitabu tumehalalishiwa katika Surat Al-Maida, ila nyama waulize imechinjwa namna gani, na penye shaka wale samaki. Ziwa liko karibu. Akiwaalika kwenye mazishi ya jamaa yake waende wakatoe pole. Akiwahubiria wamsikilize mpaka mwisho, kisha nao wamweleze wanaloliamini bila ya kupandisha sauti. Na adhana ya simu zao waipunguze alfajiri, maana ukuta wa vyumba vile ni mwembamba, na wakati huo mwenye nyumba naye yumo katika sala yake.